Kamashini ka kushona ka mu kiganja: kwa kitenge kalinihaibisha, kwa papie kakaniokoa

Nilisema siandike kitu ju ya haka kamashini mbele ya kukatumikisha Noeli mbili. Noeli mbili zimepita, sasa naandika, na wewe mwenye uko karibu kutoa feza yako usome mpaka mwisho ju nusu ya kwanza nitakasema mubaya kabisa na utafikiri niko na kisirani na mutu fulani. Hapana, ata mwenye aliniuzisha sina neno naye.

Kama hauyatuona, ni tule tumashini tweupe, ukubwa sawa agrafeze ya mu biro, ile ya kukamatisha papie, unakakamata mu kiganja unafinya na kidole kisha kanakimbia: tratratratra. Kanakula mapile ine za AA. Kwa pembeni kuko katundu ka kuchomeka shaja ya volti 6, lakini shaja yenyewe haimo mu kartoni, utajitafutia. Ndani nilikuta sindano mbili za akiba, bobini tatu za uzi (nyekundu, nyeusi, nyeupe) na kale kawaya ka kupitishia uzi mu jicho ya sindano, kenye kalikatika siku ya kwanza. Jina ya kampuni hakuna. Notisi iko na picha ine na Kingereza yenye ata Mwingereza hataisikia. Nilikanunua kwa muuzaji mumoja wa barabara hapa Bukavu, pale Nyawera, alianzia ku dola 15, nikacheka, nikaenda hatua tatu, akaniita: "Dada, kuya, leta 10 tu, hii inashona mpaka jinsi." Mpaka jinsi! Na miye nikalipa.

Sasa niseme ju ya nini nilikuwa nakahitaji. Kwetu hapa Bukavu, mu familia yetu, Noeli haikuwaka ya kado za mu duka. Mama tangu zamani anafanyaka nuga ya karanga, tumandazi tukavu twenye tunalia mu meno, na kahawa ya kisiwa ya Idjwi anakaanga mwenyewe mu kikaango mpaka nyumba yote inanuka, kisha anagawa: majirani, bamama ba korale, mwenye kaduka ka pale chini, kila mutu na yake. Sasa miguu inamuuma, ile kazi imeniangukia miye. Kupika siogope. Kufunga njo ilikuwa inanishinda.

Mbele tulikuwa tunatia mu sashe, fundo moja, imeisha. Lakini sashe kwanza sheria ya kwetu inaikataa, dekre ya 30/12/2017, ata kama ku soko ungali unaziona zinapeperuka sawa ndege. Pili yaya wangu, mukubwa wangu, anaishi ng'ambo, Kamembe ya Rwanda, na kule sheria iko tangu 2008 na hawachekeshe nayo, ukifika ku mupaka ya Ruzizi na nuga mu sashe banakamata sashe na wewe unabaki umekumbatia nuga mu mikono. Na tatu, mutu unamupenda, unamupa kitu yenye umepikia siku mbili, unaitia mu sashe ya chumvi, kweli?

Papie peke yake nayo tunaijua tangu utoto, ile kone ya karanga ya mama wa barabara, ya papie ya kaye ya masomo, unakula karanga huku unasoma ule mutoto alipata ngapi mu hesabu (mara nyingi ine juu ya kumi). Kwa karanga ya kutembea nayo ni sawa. Kwa Noeli, hapana.

Basi nikasema nitashona tufuko twa kitenge, twenye kamba ya kuvuta ku mudomo, mutu akiisha kula nuga anabaki na kafuko ka kuwekea herini ao feza za tumbakishi. Na bipande byenye bitabaki nifanye tushushu twa nywele, na manike mbili tatu za kushikia sufuria ya moto. Mashini ya miguu sina, na sina pa kuiweka. Njo vile kale kaagrafeze kakaingia mu maisha yangu.

Kitenge nilinunua ku soko ya Kadutu, yadi mbili tu, ya maua mekundu. Mahesabu yangu ilikuwa hivi, na hii mutu anaweza kuichukua vile iko ju nimeipima sana: yadi moja ni sentimeta 91, upana ya kitenge yangu ilikuwa karibu 115. Kafuko kamoja nakata kipande ya 17 kwa 45, nakikunja katikati, kunatoka kafuko ka upana 15 na urefu karibu 19 nyuma ya kukunja njia ya kamba. Kwa yadi moja unapata tufuko 12, na inabaki ukanda ya sentimeta 13 yenye inatosha tushushu. Fua kitambaa kwanza. Ule ugumu wake wa dukani ukitoka kinarudi kidogo, na kama ulishona mbele ya kufua, siku mutu atafua kafuko kake kitapinda sawa mudomo ya mutu amekula ndimu.

Sasa kamashini. Kuingiza uzi ni mateso: unapitisha mu tundu tatu, kisha kati ya tule tusahani tubili tunafinya uzi, kisha mu jicho ya sindano kutoka nje kuingia ndani, ukikosea moja tu kanashona hewa. Kanakimbia, kanalia, unaona tundu mu kitambaa lakini uzi haimo! Nilipoteza mangaribi muzima hivyo. Ukishapata, kanaenda, siwezi kudanganya, kanaenda mbio na mustari unaonekana muzuri, lakini mukono ya kushoto lazima ivute kitambaa polepole ikisindikiza, ukiivuta nguvu sindano inapinda, ukiacha kitambaa inajikunja ndani. Na mudomo yake ni fupi, kanashona tu kandokando, usifikiri utafika katikati ya nappe ya meza. Pale penye kitenge imekunjwa mara ine, kwa kona ya njia ya kamba, kalisimama kakaanza kulia sawa kambu. Jinsi? Jinsi gani? Nilijaribu ku mukunjo ya chini ya pantalo ya zamani, sindano ya kwanza ikakatika pale pale, na kipande cha ncha kikaruka sijui wapi, mpaka leo natembea na sapato mu ile chumba.

Lakini nikamaliza. Tufuko 20. Kuran ilikuwa imekatika tangu saa kumi na mbili, nikashona na torshi ya telefone, mapile zinafanya kazi bila kuran, hiyo point nakapatia. Nikajaza nuga, nikavuta kamba, nikatupanga mu kitunga, bana, tulikuwa tuzuri, mama mwenyewe akasema tunafanana na tule twa duka.

Siku ya Noeli, nyuma ya misa, tuko mu uwanja ya kanisa, imenyesha tangu asubui na chini ni matope. Nagawa. Mama mumoja wa korale anapokea kake na mikono mibili, "Aksanti sana mwanangu, Mungu akubariki", na pale pale mutoto wa kaka yangu, ana miaka mitano, anaona kauzi kamoja kekundu kanening'inia ku kona ya kafuko. Unajua batoto. Akakashika akavuta. Sikuona kitu ya namna ile mu maisha yangu: prrrrrrr, mustari muzima wa pembeni ukafunguka toka juu mpaka chini sawa fermetire, na nuga zote za ule mama chini, mu matope. Mutoto akabaki na uzi mu mukono, murefu, anaiangalia. Kimya. Kisha korale yote ikacheka. Ule mama naye akacheka, akasema haina shida, lakini miye nilitaka mupira wa dunia upasuke nipite. Na ubaya zaidi nikaanza kukimbia nyuma ya batu benye nilikuwa nimeshagawia, "usivute uzi, usivute uzi", na unamwambia mutu usivute uzi, atafanya nini? Atavuta.

Kesho yake nikabeba kamashini na kafuko kenye kalipasuka kwa mama fundi wa pale chini ya ngazi, mwenye anashona na mashini ya miguu miaka nyingi kuliko umri yangu.

"Mama, angalia haka kamashini, kamenihaibisha mbele ya kanisa nzima."

Akageuza kafuko nyuma mbele, akashika ncha ya uzi yenye ilibaki, akavuta kidogo, ikafunguka, akacheka mpaka akapanguza macho.

"Mwanangu, yangu iko na uzi mbili, moja juu, moja chini mu kanete, zinakutana ndani ya kitambaa zinakamatana. Yako iko na uzi moja. Inajikamata mukia yenyewe. Ukiachilia mukia, byote binakuya."

Na kweli, geuza kitambaa uangalie kwa nyuma: mbele ni mustari, nyuma ni tutanzi, kamoja kanaingia mu kengine, kengine mu kengine, na ka mwisho hakashikwe na kitu. Kumbe kuko namna ya kukafunga. Ukifika mwisho, unazungusha karuota ka pembeni na mukono mpaka sindano ipande juu kabisa, unavuta uzi kidogo na ncha ya makasi, unakata ukiacha mukia ya kidole kimoja, unatoa kitambaa, unageuza nyuma, unapitisha ule mukia mu katanzi ka mwisho, unafunga fundo mbili. Notisi haikusema kitu ya vile, ao ilisema mu ile Kingereza yao. Tangu siku ile nafunga, na tufuko tunashika, lakini sasa hesabu na weye: ku kila mustari unasimama, unatafuta mukia, unapitisha, unafunga. Ile mbio yote yenye ulilipia dola 10 imeishia pale.

Nikajaribu kushindanisha. Kafuko kamoja na kamashini, na mafundo yote, na kupigana na uzi. Kengine na sindano ya mukono, ile namna ya kurudi nyuma hatua moja kila ukiendelea mbele, yenye basista balitufundisha ku primeri. Ka mukono kalichukua muda mrefu kidogo tu, na kamepita nguvu mara mingi, hakuna mutoto wa kukavunja. Na mama fundi mwenyewe anakamata franka 500 ku kafuko kama umemuletea bimeshakatwa, na kwa dakika mbili kako mu mukono yako. Kwa hiyo kama ni tufuko twa kitambaa njo unatafutia haka kamashini, acha. Chukua ile dola 10 ununue makasi ya muzuri yenye itakata kitenge pekee na haitagusa papie ao nywele ya mutu, na pakiti ya sindano, na baki itabaki.

Nikakatupa mu kartoni chini ya kitanda. Pale njo ilikuwa mwisho ya maandiko yangu, kama haingekuwa ya mufuko ya unga.

Ilikuwa mu mwezi ya pili, tulinunua unga ya ngano, mufuko ya kilo 25, na unajua ule muchezo wa kufungua mufuko: kuko uzi nyeupe ku mudomo, ukijua upande yake unakata ncha, unavuta, prrrrrr, mufuko yote inafunguka na raha yake, usipojua unavuta upande ingine, haifunguke, unakasirika, unaleta kisu, unga inamwangika. Nilivuta, ikafunguka prrrr, na ile sauti nikaisikia mu matumbo. Ilikuwa sauti ya uwanja ya kanisa! Nikageuza mudomo ya mufuko: mbele mustari, nyuma tutanzi. Kitu kile kile. Ile mashini ya kufunga mifuko kwa kiwanda na haka kaagrafeze kangu ni ndugu. Ile yenye miye nilikuwa naita kosa, benye kufunga unga banaitafuta makusudi, ju banataka kitu yenye inashika mu njia na inafunguka ku mukono.

Basi Noeli ya pili sikushona tena nuga mu kitenge na kamashini. Nilishona papie.

Nachukua papie ya kahawia, ile ngumu tunafunikaka nayo bakaye ya batoto mu rantre. Nakata 20 kwa 30, nakunja katikati, inakuwa 20 kwa 15. Pande mbili nakunja kidogo ukingo mara moja, nashona, hizo nafunga fundo ju sitake zifunguke. Ndani natia papie ya kuokea gato, ile yenye mafuta haipite, ju tumandazi ata tukikauka namna gani, kesho yake papie ya kahawia peke yake iko na doa ya mafuta sawa ramani ya ziwa Kivu. Natia kitu. Kisha mudomo ya juu nakunja, nashona kutoka kushoto kuenda kuume, na pale mwisho sifunge. Naacha mukia ya uzi sentimeta kumi, navalisha ushanga moja ku ncha, ao karibani kekundu. Mwenye kupokea anavuta ushanga, prrrr, imefunguka bila kupasua papie.

Kuko mambo ya kujua, nilijifunza na hasara. Papie nyepesi usiishone, zile tundu zinakaribiana inakatika sawa tembre ya posta, ndiyo maana nakunja ukingo kwanza. Sindano yenye imeshona papie usirudie nayo ku kitambaa, inakuwa butu, mimi moja niliiandikia P na bik ku kabobini kake. Ule mukia na ushanga yake ubandike na katone ka kole ao kipande cha skoshi mpaka siku ya kugawa, moja ilinifungukia mu sakoshi mu teksi na nilikula tumandazi twenye tulichanganyika na tiketi. Nuga usiifunge ingali vuguvugu, inatoa jasho, na hii mvua yetu ya mwezi ya kumi na mbili sukari inakunywa maji mu hewa, asubui unakuta kipande kimoja kikubwa cha nuga badala ya makumi. Kahawa ya kukaanga leo nayo usiifunge leo, iko inapumua, ngojea kesho. Kahawa natia gramu 250, nashona ndani ya papie mbili, na nje naandika na mukono "Idjwi".

Nilifanya paketi 40 kwa siku mbili, na mapile ine zile zile, franka 2000, na zilibaki na nguvu. Kwa papie haka kamashini hakasumbue, kanakwenda mustari moja, haina kona, haina mikunjo ine, hakuna kulia. Na kale kauzi kekundu ku papie ya kahawia, bana, batu banafikiri umelipisha mutu.

Yaya alibeba paketi kumi na mbili Kamembe, ku mupaka bakamufungulia sakoshi, papie na uzi, hakuna sashe, akapita. Alinipigia mangaribi kusema jirani yake mumoja aliuliza kwenye zinauzishwa. Mama wa korale naye, nilimupa kake ka kwanza kabisa, na akasimama mbele ya bote akamuita mutoto wa kaka yangu, "Kuya, baba, leo vuta."

Kwa hiyo nota: ku kitenge 3 juu ya 10, na hizo tatu ni ju kanashona bila kuran na ju ya kutengeneza mukunjo ya rido bila kuitoa ku dirisha, kwa ile kazi kako sawa. Ku papie 8. Ningekapatia 9, lakini sindano zake haziko sawa na zile za mashini ya miguu, ni fupi, nilitembea Kadutu yote bananionyesha tu zile ndefu, na sasa ninabaki na moja, ile ya P. Mwenye anaziona mahali, aniandikie hapa chini, na bei.